Ukiona Vyaelea: Washawishi wa Mitandaoni na Utulivu wa Nafsi ya Mwanamke

Kujilinganisha na wengine ni tabia ya kale ya binadamu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Kimarekani Leon Festinger alieleza kwamba mtu akikosa kipimo halisi cha hali yake, hujipima kwa kuwatazama wenzake. Zamani msichana wa Lubumbashi alijipima kwa dada, jirani au mwanafunzi mwenzake, ambaye shida zake pia alizijua. Leo hujipima kwa mshawishi wa mtandaoni, ambaye huona uso wake tu, tena uliokwisha kulainishwa kwa programu.

Nguvu ya mshawishi hutokana na mambo mawili. Kwanza, husema kama dada, si kama mchuuzi. Hivyo msikilizaji husahau kwamba maneno hayo mara nyingi yamelipiwa. Pili, mtandao wenyewe humrudishia mtazamaji yale aliyoyakazia macho, hata yakiwa yanamwumiza.

Mwezi wa Septemba 2021, gazeti la Wall Street Journal lilifichua hati za ndani za kampuni ya Facebook, iliyomiliki Instagram. Katika hati hizo, asilimia 32 ya wasichana waliohojiwa walisema kwamba walipoichukia miili yao, Instagram ilizidisha uchungu huo. Wengine hawakuona tofauti, au walipata nafuu. Kwa hiyo, mtandao si sumu kwa kila mtu. Humdhuru zaidi yule ambaye tayari ana jeraha.

Nafsi ikiumia, mwili nao huponzwa. Tamaa ya ngozi nyeupe ilikuwako Kongo kabla ya simu za kisasa, lakini picha zilizong'arishwa huweza kuichochea. Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, ambayo huharibu figo.

Nchi kadhaa zimetunga sheria. Tangu Julai 2022, Norwe inadai alama juu ya picha za matangazo ambamo umbo la mwili limebadilishwa. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 9 Juni 2023, iliwakataza washawishi kutangaza upasuaji wa urembo.

Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi. Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Msichana afundishwe kuuliza kila picha: imeundwa na nani, kwa fedha ya nani, na kwa faida ya nani?