Hamu ya Gongo Huja na Kupita

Ndugu msomaji, umeacha gongo. Hongera! Lakini jioni unapita jirani na nyumba inayouza gongo hapa Matongo. Unasikia harufu. Moyo unavutwa. Je, umeshindwa? Hapana. Hiyo ni hamu.

Mbuzi aliyezoea kula shambani mwako hurudi saa ile ile. Asipopata kitu, huondoka. Hamu nayo hupanda, kisha hushuka, mara nyingi kabla ya nusu saa. Ukinywa kidogo tu, umemlisha mbuzi.

Kwa hiyo pita njia nyingine. Kula mapema. Fedha mpe mkeo azitunze. Hamu ikija, nenda kwa rafiki asiyekunywa, mzungumze.

Lakini aliyeacha pombe akitetemeka sana au akianguka kifafa, mpelekeni zahanati upesi. Hiyo si hamu, ni ugonjwa.