Mlima Uliopoteza Kilele Chake

Kwa zaidi ya karne moja, mahali pa juu kuliko pote nchini Sweden palikuwa pa barafu. Mlima Kebnekaise, ulioko katika nchi ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali, takriban kilomita 150 kaskazini mwa Duara la Aktiki, una vilele viwili. Cha Kaskazini ni mwamba mtupu wenye kimo cha mita 2,096.8, cha Kusini kimefunikwa na barafu. Mfaransa Charles Rabot alipoupanda mwaka 1883, cha Kusini ndicho kilichokuwa kirefu. Septemba 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stockholm walikipima wakapata mita 2,095.6, na Agosti 2021 kikawa mita 2,094.6. Hakuna jiwe lililoporomoka. Ni majira ya joto tu yanayoyeyusha barafu nyingi kuliko theluji inayorudi.

Mwamba wenyewe una historia ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua upesi. Takriban miaka milioni 600 iliyopita bara lilianza kupasuka hapo, kama Bonde la Ufa linavyopasuka kwetu leo, na magma ikapanda kwenye nyufa ikaganda. Ufa ule ulipanuka ukawa bahari. Baadaye bahari ikajifunga, mabara mawili yakagongana, na zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita miamba ile ikasukumwa mashariki, ikakandamizwa na kuokwa hadi ikawa migumu sana. Ndiyo maana vilele hivi vimesimama wakati miamba laini ya jirani imekwishalika. Kilimanjaro, volkeno isiyofikisha miaka milioni tatu, ni mtoto mchanga mbele ya mwamba huu.

Barafu iliyo juu ya mwamba huo hulishwa na upepo. Pepo za magharibi kutoka Bahari ya Atlantiki huleta theluji nyingi, kisha huisomba na kuirundika upande wa mashariki wa vilele. Ni pepo kali kweli: Desemba 1992 kituo cha utafiti cha Tarfala, kilicho bondeni chini ya mlima, kilirekodi mita 81 kwa sekunde.

Kituo hicho ni cha Chuo Kikuu cha Stockholm, na kwangu mimi ndicho hazina ya mlima huu kuliko kilele chochote. Kando yake kuna Storglaciären, barafuto ya kilomita tatu hivi, yaani barafu nene inayoteremka polepole kwa uzito wake. Tangu mwaka 1946, katika kazi iliyoanzishwa na mtaalamu wa barafuto Valter Schytt, barafuto hii imewekewa hesabu kama daftari la duka. Mwisho wa baridi watafiti huchoma theluji kwa fito kupima kina na kuchimba mashimo kujua uzito wake: hayo ndiyo mapato. Mwisho wa kiangazi husoma vijiti vilivyochimbiwa kwenye barafu kuona imeshuka kiasi gani: hayo ndiyo matumizi. Hakuna barafuto nyingine duniani yenye hesabu kamili ya namna hii iliyoendelea mfululizo kwa muda mrefu hivyo.

Daftari hilo lina thamani kwa sababu barafu hazifi kwa namna moja. Kebnekaise inapungukiwa kwa joto la kiangazi. Kwenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hewa kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri. Huko ukame umepunguza theluji mpya, na jua kali hula kuta za barafu, sehemu ikigeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Kati ya 1912 na 2011 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Kwa mlima huo tunategemea zaidi ramani na picha za miaka iliyoachana. Mlima Kenya una bahati kidogo: barafuto ya Lewis ilianza kupimwa kila mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970, ingawa vipimo vilikatika katika miaka ya 1990, na vilipoanza tena mwaka 2010 sehemu kubwa ya barafu ilikuwa imekwishatoweka.