Vichupa vinne, watu kumi

Posta ya Marekani huhesabu kila mwaka wafanyakazi wake walioshambuliwa na mbwa wakipeleka barua. Mwaka 2023 visa hivyo vilizidi 5,800. Bili yake ni kushona kidonda, siku za kukaa nyumbani, bima na mawakili. Ni bili kubwa, lakini ina kikomo, kwa sababu kichaa cha mbwa kinachoenezwa na mbwa kwa mbwa kilitangazwa kutokomezwa nchini humo mwaka 2007.

Kwetu Afrika Mashariki jino lilelile lina hesabu nyingine. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na kati ya kila wagonjwa 100, 99 waliupata ugonjwa kwa mbwa. Kwa Tanzania, watafiti walikadiria mwaka 2002 vifo vinavyokaribia 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, kati ya wanaowahi tiba kamili karibu hakuna anayekufa. Katikati ya hali hizo mbili mara nyingi ni miezi 2 au 3, na pesa.

Duniani ugonjwa huu hugharimu kama dola bilioni 8.6 kila mwaka, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2015. Zaidi ya nusu ni thamani ya maisha yaliyokatika mapema. Fungu la kuchanja mbwa wenyewe, ambao ndio chanzo, halikuvuka asilimia 1.5.

Ili ugonjwa ukatike, mbwa 70 katika kila 100 wapaswa kuchanjwa. Tuseme kijiji kina mbwa 400: lazima 280 wafikiwe. Mia ya kwanza ni rahisi, kwani ni mbwa wapole wanaomfuata mwenyewe hadi chini ya mwembe. Kampeni huamuliwa na wale wa mwisho, mbwa wa boma ambao hawajawahi kufungwa kamba, wanaoburutwa na mtoto wa miaka kumi aliyetumwa na baba yake. Hapo ndipo mhudumu wa mifugo huinama. Ana fimbo yenye kitanzi, ana kamba ya kumfunga mbwa mdomo, pengine ana glavu nene, ambazo huzivua kila mara kwa sababu sindano haishikiki nazo. Huumwa vidoleni na mkononi, sehemu zenye mishipa mingi ya fahamu, na kirusi hiki husafiri kwenye mishipa hiyo kwenda ubongoni. Mlinzi anayekesha zamu na mbwa wa kampuni yuko hatarini vivyo hivyo, na mgambo anayekamata mbwa wa mitaani ndiye aliye hatarini zaidi, maana hajui hata mbwa ametoka wapi.

Sasa tupige hesabu ya kuwachanja watu hawa kabla hawajaumwa. Mtu asiyewahi kuchanjwa akiumwa hadi damu ikatoka, baada ya kuosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, huhitaji sindano 2 ndogo za ndani ya ngozi siku ya kwanza, 2 baada ya siku 3 na 2 baada ya siku 7. Jumla 6. Aliyechanjwa kabla ya kuumwa alidungwa 2, na wiki moja baadaye 2. Akiumwa huongezewa moja papo hapo na moja baada ya siku 3. Jumla yake nayo ni 6! Mhasibu anayetazama chanjo peke yake atauliza faida iko wapi.

Faida iko kwenye imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari zinazodungwa ndani ya kidonda. Asiyechanjwa huzihitaji, aliyechanjwa hazihitaji kabisa. Kipimo cha zile za binadamu hakizidi yuniti 20 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtu wa kilo 70 anaweza kufikia yuniti 1,400. Ni dawa ghali na adimu, na zahanati ya kijijini aghalabu haina.

Faida ya pili iko kwenye vichupa. Sindano ya ndani ya ngozi hutumia mililita 0.1 tu. Watu 10 wanaochanjwa kabla ya kuumwa wakidungwa sindano 2 kila mmoja, ni mililita 2, yaani vichupa 2 vya mililita moja. Kwa mahudhurio mawili ni vichupa 4. Njia ya msuli hutaka kichupa kizima kwa kila dozi: vichupa 20 kwa watu haohao. Na mtu mmoja asiyechanjwa, akiumwa na kutibiwa kwa njia ya msuli, humaliza vichupa 4 peke yake.

Sharti ni moja: kichupa kikishafunguliwa hutumika ndani ya saa 6 hadi 8, kikiwa kwenye ubaridi. Kumi waje siku moja. Wakija mmoja mmoja, kila mtu anafunguliwa chake na akiba yote humwagwa. Nadhani hapa ndipo waajiri wengi hushindwa, kwenye ratiba kuliko kwenye bajeti.

Shirika la Afya Duniani huweka wastani wa gharama ya tiba baada ya kuumwa, pamoja na nauli na kipato kilichopotea, kuwa dola 108. Kwa anayeishi kwa dola 2 kwa siku, hizo ni siku 54. Mwajiri naye ana hesabu yake. Nchini Kenya, sheria ya fidia ya mwaka 2007 huweka fidia ya kifo cha kazini kuwa mapato ya miezi 96: kwa mshahara wa shilingi 20,000, ni shilingi 1,920,000.

Kampuni yenye washika mbwa watatu haifiki kumi. Inaweza kuungana na kliniki ya mifugo na machinjio ya jirani, wakachanjwa siku moja. Na kwa timu itakayochanja mbwa Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kalenda hurudi nyuma: mwili hutaka kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo sindano za pili ziwe Septemba 14, na za kwanza Septemba 7.