KURA NA AFYA YA KIJIJI

Watu wengi wakisikia neno afya hufikiri habari za daktari, sindano na vidonge. Si ajabu, maana mgonjwa hupelekwa kwa daktari, hapelekwi kwa mwenyekiti wa kijiji. Hata hivyo nataka kueleza kwa nini mwenyekiti naye ana sehemu yake, tena kubwa.

Tuwafikirie watoto wawili wa kata moja kama hii yetu ya Nkwenda. Mmoja amezaliwa karibu na barabara. Nyumba yao ni ya bati, wana tangi la maji ya mvua, na mama yake amesoma. Mwenzake amezaliwa mbali mlimani. Maji yao huchotwa bondeni, mahali ambapo ng'ombe nao hunywa. Choo chao kimebomoka. Na baba hungoja msimu wa kahawa ndipo ashike fedha. Huyu wa pili akiharisha, mganga wa zahanati humpa dawa, naye hupona, kisha hurudi kunywa maji yale yale. Mwezi haujaisha, yuko tena zahanati. Dawa haina kosa. Ubaya uko bondeni, na huko mganga hana amri.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani, iliyoongozwa na Michael Marmot wa Uingereza, ilitoa taarifa kwamba tofauti za afya hutokana zaidi na hali ambamo watu huzaliwa, hukua, huishi na kufanya kazi. Tena ilisema kwamba nyuma ya hali hizo kuna mgawanyo usio sawa wa madaraka, fedha na mali. Hapo ndipo kura inapoingia.

Zamani katika Karagwe Mkama hakupigiwa kura. Utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963, na leo wenyeji wenyewe humchagua mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, ambayo huwa na watu 15 hadi 25. Halmashauri hiyo ina kamati ya huduma za jamii, nayo ndiyo inayohusika na maji, vyoo, shule na zahanati. Diwani huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha huenda katika baraza la Halmashauri ya Wilaya ya Kyerwa, ambako bajeti hupitishwa. Kyerwa ilipokuwa bado sehemu ya Karagwe, yaani kabla ya mwaka 2012, safari ya jambo kufika wilayani ilikuwa ndefu zaidi.

Basi tumchague mtu wa namna gani? Mimi naona mgombea aulizwe maneno ya kazi. Chemchemi ipi itajengewa kwanza, na kwa nini hiyo? Kitongoji kipi kiko mbali na zahanati kuliko vyote, na mama mjamzito wa huko atapitia njia gani wakati wa masika? Asiyejua vitongoji vyake hawezi kujibu. Wako wagombea wanaogawa soda na vitenge; soda huisha siku ile ile, na bondeni maji ni yale yale.

Lakini kumchagua mtu ni mwanzo tu. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitwe kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuingia, kusikia mapato na matumizi, na kuuliza. Zahanati nayo ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 vituo vya afya na zahanati hupelekewa fedha moja kwa moja, kwa hiyo kamati hiyo ina jambo la maana la kusimamia. Ni wachache wanaowafahamu wajumbe wake!

Kwamba nguvu ya watu inaweza kazi hii, tulikwisha kuona. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, wakachimba vyoo. Redio peke yake haichimbi choo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wa kuwaongoza wenzake.

Uchaguzi wa vijiji uliopita ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Kwa hesabu ya miaka mitano, unaofuata utakuwa mwaka 2029, na mwanafunzi aliyezaliwa mwaka 2010 atakuwa amekwisha kutimiza umri wa kupiga kura. Ajiandikishe katika kitongoji anachokaa, maana orodha ya uchaguzi huu huandikwa mbali na ile ya kuchagua wabunge na Rais.