WACHONGAJI WA UKAMBANI NA MITI YAO

Mtu apitaye sokoni Nairobi au Mombasa huwaona twiga, vifaru na wazee wenye mikuki, wote wamechongwa kwa mti na kupangwa mkekani wakingoja wageni. Wengi wetu, hata watu waliosoma, hudhani kwamba kazi hii ni ya kale sana, iliyorithiwa tangu enzi za mababu. Sivyo. Ni kweli kwamba Wakamba tangu zamani walikuwa mafundi wa kuchonga vijiko na viti vya miguu mitatu, na viti vya wazee vilipambwa kwa nyuzi za shaba zilizopigwa ndani ya mti kwa ustadi mkubwa. Lakini sanamu za kuuza zina umri wa miaka mia moja na kidogo tu, na mtu aliyezianzisha anajulikana kwa jina.

Mtu huyo ni Mutisya wa Munge, wa Wamunyu, mahali palipo kando ya njia itokayo Machakos kwenda Kitui. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hata 1918, alichukuliwa pamoja na maelfu ya watu wa Kenya kwenda kusini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Huko aliwaona mafundi wakichonga mpingo. Wengine husema walikuwa Wazaramo, wengine husema Wamakonde. Lililo hakika ni kwamba aliitazama kazi yao kwa makini, akarudi nayo nyumbani kichwani. Vita ile iliwaua wapagazi wengi mno kwa njaa na magonjwa, na waliorudi hawakuleta mali. Mutisya alileta ufundi. Mwanzoni aliuweka ndani ya jamaa yake, kisha majirani wakajifunza, na baada ya miaka kadha Wamunyu nzima ikawa inasikika mlio wa tezo. Vita ya pili ilipokuja, askari wa kigeni waliopita Kenya walinunua sanamu nyingi za kupeleka kwao, na biashara ikakua.

Wachongaji walipoufuata wanunuzi mpaka pwani, walijenga vibanda vyao Changamwe, nje kidogo ya kisiwa cha Mombasa, na mwaka 1963 wakaunda chama cha ushirika. Wamunyu nao walifuata kwa chama chao wenyewe. Mahali pa kazi pa namna hiyo hapana fahari yoyote: ni mapaa ya mabati au makuti juu ya nguzo, hakuna kuta, na chini ni vumbi la mbao na chembe za miti zifikazo kwenye kifundo cha mguu. Fundi huketi chini au juu ya gogo, akashika pande la mti kwa mguu na mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akalipiga kwa tezo. Hachori kwanza. Umbo lote li kichwani mwake, na katika mapigo machache pembe za swala hutokea mahali palipokuwa na kipande kisicho na sura. Kisha huja kisu, halafu tupa, halafu msasa, na mwisho kupaka rangi na kung’arisha. Mara nyingi fundi mmoja huchonga mnyama mmoja tu maisha yake yote. Wa twiga hagusi kiboko. Yuko anayecheka jambo hili, lakini mtu aliyechonga twiga kwa miaka thelathini haharibu mti.

Katika ushirika kila mwanachama ana namba yake, nayo huandikwa chini ya sanamu. Sanamu ikiuzwa katika duka la chama, namba hutazamwa, mwenyewe akalipwa, na sehemu ndogo hubaki kwa gharama za chama. Hivyo hata mtu asiyejua kuzungumza na wageni hupata haki yake.

Basi, taabu iko wapi? Iko katika mti. Mpingo, wenye kiini cheusi na kizito hata huzama majini, hukua polepole mno. Miti mikubwa ya mpingo iliyokuwa karibu na Ukambani ilikwisha mapema, na wachongaji wakageukia muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri, uliokuwa ukipatikana katika misitu ya Ngong na Karura karibu na Nairobi, na pwani katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Muhugu nao hauna haraka: huenda ukahitaji karibu miaka mia kufikia unene wa kuchongwa. Tena, mingi ina uwazi au uozo ndani, na mkataji hajui mpaka ameuangusha. Akiuona hivyo huuacha ukioza, akaenda kwa mwingine. Ndani ya msitu huo wa Sokoke, sehemu yenye muhugu, ndimo anamoishi bundi mdogo asiyepatikana ila mahali pachache sana duniani.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mimea walichunguza jambo hili, wakakadiria kwamba wachongaji wa Kenya walikuwa kama 60,000, na miti iliyokatwa kwa kazi hiyo ilipita 50,000 kila mwaka. Hesabu hiyo haihitaji maelezo kwa mkulima yeyote.

Shauri lililotolewa ni mwarobaini. Mti huu uliletwa pwani kutoka Bara Hindi, na kila mtu wa pwani anao uani kwa ajili ya kivuli na dawa. Hukua upesi, baada ya miaka 20 hata 30 hufaa kuchongwa, na mkulima anayeupanda huuza mti wake mwenyewe badala ya mti wa msituni. Wachongaji wengi wa Changamwe waliupokea, pamoja na miembe iliyokoma kuzaa na mijakaranda. Hata hivyo mwarobaini una kasoro zake, na haifai kuzificha. Ukichongwa mbichi hupasuka, wakati mwingine ndani ya sanduku la mnunuzi huko Ulaya. Lazima ukaushwe kivulini kwa muda mrefu, na mchongaji asiye na akiba hawezi kungoja, kwa kuwa watoto wake hawangoji. Hapo ndipo ushirika wenye banda la kukaushia miti na fedha kidogo za kukopesha hufaa kuliko mahubiri.

Na mnunuzi naye ana lawama. Mgeni hutaka sanamu nyeusi, hivyo muuzaji humpa nyeusi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kifaru “wa mpingo” njiani, nikamfuta vumbi kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kikageuka cheusi: ilikuwa dawa ya viatu. Kwa hiyo anayenunua na aigeuze sanamu juu chini, aikwangue kidogo kwa ukucha mahali pasipoonekana, na aipime kwa mkono, maana mti mwepesi si mpingo hata ukiwa mweusi namna gani. Kisha atazame kama kuna ufa karibu na miguu, na amwulize muuzaji ni mti gani. Akijibiwa “mwarobaini” bila kusitasita, na mti umekauka, alipe bei aliyoambiwa.