Bidhaa za Mpira wa Asili Ulioimarishwa kwa Nyuzi za Mimea: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Mlaji anayeishi Lusewa, mkoani Ruvuma, akinunua soli, mkeka wa mpira au kandambili mjini Songea, hana budi kuchagua kwa makini. Bidhaa ikiharibika mapema, nauli ya kuirudisha dukani huweza kuzidi bei yake. Makala haya yanaeleza aina moja ya bidhaa inayosifiwa kuwa rafiki wa mazingira, na namna ya kuipima.

Mpira na nyuzi

Mpira si mgeni kusini mwa nchi yetu. Kabla ya Vita vya Maji Maji (1905–1907), utomvu wa mimea itambaayo ulikusanywa misituni na kusafirishwa kupitia Kilwa na Lindi. Leo utomvu hugemwa kwenye miti iliyopandwa, kama ile ya mashamba ya Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, mkoani Morogoro.

Mpira mtupu hunyumbuka sana lakini huchanika na kulika upesi. Kwa hiyo viwandani huchanganywa na kiimarishi na salfa, kisha hupikwa. Kiimarishi kilichozoeleka ni masizi meusi yatokanayo na mafuta ya petroli. Nyuzi za mimea, kama katani, makumbi ya nazi na mgomba, zinaweza kuchukua sehemu ya nafasi hiyo. Katani ililetwa Tanga mwaka 1893 na hulimwa nchini hadi leo.

Uzi uliomo ndani ya mpira hubeba mvuto, hivyo bidhaa haivutiki ovyo na huhifadhi umbo lake. Hata hivyo, uzi hupenda maji, ilhali mpira huyakataa. Viwili hivyo havishikamani vyema vyenyewe. Mtengenezaji makini huziosha nyuzi kwa magadi makali ili kuondoa nta na uchafu, huzikausha, kisha huzisambaza sawasawa. Akiruka hatua hizo, maji hupenya, nyuzi huvimba na bidhaa huachana.

Kagua kabla ya kulipa

1. Tazama ukingo uliokatwa. Nyuzi zisiwe mafundo, na pasiwe na matundu ya hewa.
2. Vuta uzi uliochomoza. Ukitoka mzima na msafi, haukushikamana na mpira.
3. Kunja bidhaa na kuiachia. Isionyeshe nyufa, na irudi katika umbo lake.
4. Uliza nyuzi ni za mmea gani na mpira wa asili ni kiasi gani. Neno "asilia" peke yake halijibu maswali hayo.
5. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Nyuzi hizi zinafaa zaidi kwa soli, mikeka na vifaa visivyobeba uzito mkubwa. Matairi ya zamani yaliimarishwa kwa kitambaa cha pamba, lakini pamba iliachia nafasi nailoni na waya wa chuma kwa sababu ya joto na mzigo. Usikubali tairi la pikipiki kwa sifa ya "asilia" tu: kagua alama za uzito na mwendo ubavuni mwake, kwa maana hapo ni maisha ya abiria.

Matunzo

Epusha bidhaa na jua kali, mafuta ya taa na petroli, kwani mpira wa asili huvimba na kulainika ukiguswa na mafuta. Ikilowa, ianike kivulini. Ikichakaa usiichome, moshi wake ni hatari kwa afya.

Haki yako

Dai risiti na uitunze. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Endapo maelezo ya muuzaji hayalingani na bidhaa, mrudie kwanza ukiwa na risiti na bidhaa yenyewe; akikataa, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Suala likihusu ubora au usalama, toa taarifa TBS. Taarifa yako humkinga pia jirani ambaye angenunua bidhaa ileile kesho.