Msongamano wa Dharura Huanzia Wadini



Wiki hii natuliangalie jambo ambalo halikosi kuzungumzwa barazani na jikoni, nalo ni umati unaojaa katika idara za dharura za hospitali. Mgonjwa huletwa usiku, akakuta machela zimepangwa hadi ukumbini na mwenye homa kakaa sakafuni. Lawama huja upesi. Kuna wasemao kuwa madaktari ni wazembe, na kuna wasemao kuwa watu wanakimbilia hospitali kwa mafua ambayo yangetosha chai ya tangawizi nyumbani. Lakini hospitali zilizoamua kuandika saa ya kila mgonjwa, kisha zikazihesabu saa hizo, zimeona kuwa chanzo kikubwa hakiko mlangoni. Kiko ndani, wadini, pale kitanda kinapochelewa kupatikana.

Mfano ulio wazi ni wa Uingereza. Tokea mwaka 2004 hospitali za umma za England ziliwekewa sharti kwamba wagonjwa 98 katika kila 100 wanaofika idara ya dharura wawe wamekwisha kuhudumiwa, wakaruhusiwa, wakalazwa au wakahamishwa, kabla ya muda wa saa 4 kumalizika. Ili kulitimiza sharti hilo ilibidi kila hatua iandikwe katika tarakilishi: mgonjwa kafika saa ngapi, kaonwa na daktari saa ngapi, imeamuliwa alazwe saa ngapi, na ameondoka saa ngapi. Kumbukumbu hizo zikawa hazina. Mwaka 2022 jarida la Emergency Medicine Journal lilichapisha utafiti uliopitia habari za wagonjwa zaidi ya milioni 5 waliolazwa kupitia idara hizo. Ilionekana kuwa katika kila wagonjwa 82 waliocheleweshwa kupata kitanda cha wadi kupita saa 6 hadi 8 tangu kufika, hufariki mmoja zaidi ndani ya siku 30. Watu 82 ni safu nne au tano za msikiti wa mtaani.

Sasa tuangalie ni nani hasa aliyelala kwenye zile machela za ukumbini. Mwenye mafua hayuko hapo; yeye hukaa kitini, huonwa, hupewa dawa, akaenda zake. Kungoja kwake kwaweza kuwa kurefu na kwa kuudhi, lakini hazuii machela wala hamshughulishi muuguzi kila nusu saa. Aliyelala pale ni yule ambaye daktari amekwisha kumtazama na kuamua alazwe, ila juu hakuna kitanda. Anangoja. Na kwa kuwa yupo, anayefuata naye hana pa kulala, na gari la wagonjwa lililomleta linasimama nje likiwa na mtu ndani. Birika likizibwa mdomo, kosa si la anayetia maji.

Jambo hili lina hesabu yake, na ni hesabu ya zamani. A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu zake mwaka 1909, akitaka kujua ni laini ngapi za simu zitawatosha watu wanaopiga bila kupangana. Kutokana na elimu hiyo twajua kwamba foleni haikui kwa kipimo kimoja na kazi. Mchukue mhudumu mmoja ambaye watu humjia wakati wowote, na kila mmoja ana haja ya urefu wake. Akiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, wastani wa watu walio kwake, pamoja na anayehudumiwa, ni 4. Kazi ikifika asilimia 90, watu huwa 9. Ikifika asilimia 95 huwa 19. Nyongeza ni ndogo, na foleni imezidi maradufu. Kwa hiyo hospitali isiyo na kitanda hata kimoja kitupu, ambayo huenda mhasibu akaisifu, imekwisha kuziba. Imebakia tu mgonjwa wa kuonekana akiangaika.

Tarakilishi husaidia katika mambo mawili. La kwanza ni kukisia. Huko Queensland, Australia, watafiti wa taasisi ya taifa ya sayansi, CSIRO, walitengeneza pamoja na hospitali za jimbo hilo programu inayosoma kumbukumbu za miaka iliyopita na kukadiria ni wagonjwa wangapi watafika siku fulani, na wangapi kati yao watahitaji kulazwa. Asiseme mtu kuwa huko ni kudai kujua ghaibu. Programu haijui ni mtoto wa nani atakayeanguka mwembeni. Inachojua ni kuwa siku kama hizi, msimu kama huu, huja kiasi hiki, kama vile muuza samaki ajuavyo siku za soko.

La pili ni kuviona vitanda vyote kwa pamoja. Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, ilifungua mwaka 2016 chumba kimoja chenye ukuta wa skrini, wakakalishwa humo watu ambao zamani walikuwa katika ofisi mbalimbali: wa vitanda, wa magari ya wagonjwa, wa kupokea wagonjwa kutoka hospitali nyingine. Hospitali hiyo ilieleza baadaye kuwa mgonjwa wa dharura aliyeamuliwa kulazwa alikuwa akipangiwa kitanda kwa haraka zaidi ya awali kwa asilimia 30.

Hata hivyo hesabu nayo yataka uaminifu. Kule England, takwimu zilionyesha wagonjwa wengi mno wakiondolewa idara ya dharura katika dakika chache za mwisho kabla ya saa 4 kutimia. Maradhi hayakuwa yakitazama saa. Ni wakubwa waliokuwa wakiitazama. Sharti lilishushwa likawa asilimia 95 mwaka 2010, na kwa taifa zima halijafikiwa tena tangu Julai 2015.

Hapa kwetu si kila hospitali itaweza kuwa na ukuta wa skrini, lakini karatasi moja pia ni elimu. Mwaka 2004 matabibu wa Cape Town walianza kupanga utaratibu uitwao South African Triage Scale, ambao umeenea katika nchi kadhaa za Afrika. Muuguzi hupima pumzi, mapigo ya moyo, joto na presha, hutazama kama mgonjwa anatembea, kama ana fahamu, kama ameumia, kisha humpa rangi. Nyekundu huonwa papo hapo, ya machungwa ndani ya dakika 10, manjano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa 4. Basi mama, ukiona aliyekuja nyuma yako katangulizwa, usidhani daima kuwa ana mjomba humo ndani. Lakini mwanao akibadilika ungali ukingoja, akahema kwa shida, akapata degedege, au akawa haamki, inuka umwambie muuguzi ampime upya; rangi ya mwanzo si ya kudumu. Na Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Turudi wadini. England katika kipupwe cha mwaka 2022 kuingia 2023, zaidi ya vitanda 12,000 kwa siku vilikuwa na watu waliokwisha kupona kiasi cha kutoka, ila hakukuwa na wa kuwahudumia huko waendako. Sisi mzee wetu hakosi wa kumhudumia, lakini tuna mambo mengine mawili. Moja ni deni. Mgonjwa ameruhusiwa, na jamaa bado wanachanga. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015 kwamba kuwazuilia mama waliojifungua kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zao, na bado habari za aina hiyo husikika. Skrini itaandika kuwa kitanda kina mtu. Haitaandika kuwa mtu huyo yu mzima na anangoja mchango.

La pili li mikononi mwetu. Mgonjwa huruhusiwa asubuhi, naye huchukuliwa alasiri au baada ya magharibi, kwa sababu mwenye gari yuko kazini na shangazi hajaja na nguo. Kwa saa zote hizo, mama wa mtu mwingine yu juu ya machela. Siku ile ile anapolazwa mgonjwa wenu, muulizeni muuguzi wa wadi ni siku gani inatazamiwa atoke, na muulize tena jioni kabla ya siku yenyewe. Habari za bima na bili zifuatwe mapema, kabla ya Ijumaa jioni, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili ofisi nyingi hufungwa na madaktari wa kuruhusu huwa wachache. Nguo, gari na chumba viwe tayari asubuhi.